Uwanja wa nyasi bandia uani kwetu, Ilazo: tathmini baada ya miezi kumi na mmoja

Mwezi Agosti mwaka jana tulijengewa uwanja mdogo wa michezo wa nyasi bandia nyuma ya nyumba yetu, Ilazo, jijini Dodoma, na tangu hapo watoto wameuchezea karibu kila jioni, kiangazi chenye upepo kikapita na msimu mzima wa mvua ukapita. Kampuni iliyofanya kazi hiyo sitaitaja, kwa kuwa nia yangu ni kueleza kazi yenyewe: msingi waliutengeneza vizuri kuliko nilivyotarajia, kiungio cha vipande vya nyasi wakakiharibu kwa haraka, na kuhusu joto hawakutuambia neno.

Ua wetu ulikuwa udongo mwekundu mtupu. Tulipanda ukoka mara mbili, na mara zote mbili ulikauka kabla ya Oktoba, maana mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ukoka huishi kwa maji ya bomba, na nyumba inayopata maji kwa mgao hufikiria kwanza sufuria na nguo za shule.

Tulitaka uwanja wa mita 9 kwa 15. Fundi mkuu alipima ua, akakunja futi yake, akasema, “Mzee, shika 8.” Nyasi hizi huja zimeviringishwa katika roli zenye upana wa mita 4, kwa hiyo mita 8 ni vipande viwili vyenye kiungio kimoja tu, ilhali mita 9 ingetulazimu kununua kipande cha tatu ambacho sehemu kubwa yake ingekatwa na kutupwa. Ushauri huo ulipunguza malipo yake mwenyewe, na ndio ulionifanya nimwamini.

Kazi ya ardhini ilichukua siku nne, na kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili sifa kubwa zaidi. Walichimba sentimita 15, wakaondoa udongo laini na mizizi yote, wakashindilia, wakatandika kitambaa kizito kinachozuia mawe yasizame kwenye udongo, wakamwaga kokoto na kushindilia tena kwa mashine, kisha wakamalizia kwa vumbi la mawe. Niliuliza kwa nini hawamwagi zege, nikajibiwa kwamba mgongo wa nyasi una matundu madogo, na maji yanayopita humo lazima yapate pa kuzama. Uwanja waliuinamisha kuelekea ukuta wa nyuma kwa sentimita 8 katika upana wa mita 8, wakifuata uzi na pima maji. Fundi mmoja alilaza juu ya vumbi rula ndefu ya alumini, akainama hadi shavu lake likakaribia kugusa ardhi, na kila alipoona mwanga ukipenya chini ya rula, alijaza konzi moja ya vumbi akasawazisha kwa kiganja. Alifanya hivyo mchana kutwa. Karibu nusu ya fedha tulizolipa iliishia huko chini, na siijutii hata shilingi moja.

Nyasi tulizochagua zina urefu wa milimita 20, na katikati ya nyuzi zake walipiga brashi zaidi ya tani moja ya mchanga wa silika ili zisimame na zisihame. Viwanja vikubwa vya mpira wa miguu vya nyasi bandia, mfano wa Kaitaba pale Bukoba au Nyamagana ya Mwanza, hutumia nyasi ndefu zaidi zinazojazwa mchanga pamoja na punje za mpira. Nilikataa punje hizo: hupata joto kali juani, husambaa hadi sebuleni, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuziondoa sokoni baada ya kipindi cha mpito cha miaka 8, kwa sababu ni plastiki inayoishia kwenye udongo na maji.

Lawama yangu ya kwanza ni gundi. Vipande viwili vya nyasi huunganishwa kwa utepe unaolazwa chini na kupakwa gundi, na gundi haishiki mahali penye vumbi. Wakazi wa Dodoma wanaujua upepo wa Agosti. Siku ile ulianza kuvuma saa nne asubuhi, nami niliona kwa macho yangu vumbi jekundu likitua juu ya gundi mbichi. Nikaomba waahirishe hadi alfajiri ya kesho yake, nikaambiwa wana kazi nyingine mtaa wa Kisasa. Kufikia Novemba kiungio kilikuwa kimefumuka kwa urefu unaozidi mita moja, katikati kabisa ya uwanja, pale ambapo miguu hukanyaga zaidi. Walirudi baada ya kupigiwa simu kwa wiki tatu, wakarekebisha vizuri, tena asubuhi na mapema.

Lawama ya pili ni ukingo. Kerbu, yaani vizuizi vya pembeni mwa uwanja, za upande wa juu waliziweka sawasawa na usawa wa ua, kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ya Desemba ilishusha tope moja kwa moja juu ya nyasi. Maji ya mvua yenyewe yalizama vizuri, lakini tope liliziba matundu, na tulilazimika kulisugua siku mbili. Kuinua kerbu kwa tofali moja na kuchimba mfereji mdogo kulitibu tatizo, ila gharama yake tulidaiwa sisi, jambo ambalo bado naliona si haki.

Kuhusu joto, mwenye watoto wadogo asikilize: saa saba mchana nyasi hizi haziwezi kukanyagwa kwa miguu mitupu. Mwanangu wa miaka sita aliungua nyayo siku ya pili tu, akalia kwa uchungu. Kumwagia maji hupoza kwa muda mfupi, kisha joto hurudi. Sisi tumeweka utaratibu kwamba uwanja unafunguliwa saa kumi jioni, na viatu havivuliwi.

Mpira wa kikapu hauruki juu ya nyasi kama unavyoruka juu ya zege, na familia inayoutaka huo ijenge zege. Binti zangu wawili wanacheza mpira wa pete, ambao haudundwi mbio uwanjani, nao wameridhika kabisa. Magoti yao hayajachubuka tangu Agosti. Matunzo ni ufagio mgumu mara moja kwa wiki na kuongeza mchanga panapopungua.

Jirani yangu anataka kujenga wa kwake kwa ajili ya mpira wa vinyoya. Nimemshauri afanye kazi Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha na upepo haujapamba moto, atake bei ya msingi na bei ya nyasi ziandikwe mbalimbali, na mkataba utaje urefu wa kerbu juu ya ardhi pamoja na saa ya kupaka gundi. Namba ya yule fundi wa rula nimempa.