M-KOPA: simu ya lipa mdogo mdogo
Kama huna doo ya simu keshi basi M-KOPA inasaidia kweli, unatoa diposti alafu unalipa kidogo kidogo kila siku na M-Pesa, ukikosa kulipa, simu inajifunga mpaka utume, hakuna kubembelezana. Ila piga hesabu kwanza!! Ukijumlisha zote bei inapita ya keshi, na lazima ipite, juu hawa walianza na sola na sai wanazungusha pesa za wawekezaji, 2023 walipata zaidi ya dola milioni 250 kutoka kwa Standard Bank, Sumitomo ya Japani na wengine, nyingi yake deni, na deni lina riba bana. Mtu wa boda itamfaa, anaingiza kila siku. Wa mshahara bora ajiwekee anunue keshi.