Bima ya gari: zipi zinafaa, kwa mpangilio, na vya kusoma kabla ya kulipa

Bei iulize mwisho. Hati mbili zenye ada inayokaribiana zinaweza kuachana mbali sana siku gari likigongwa, kwa sababu mmoja wa mikataba hiyo unakata uchakavu kwenye kila kipuri na mwingine haukati.

Ya kwanza: bima kubwa kwa thamani mliyokubaliana. Inalipa hasara uliyowasababishia wengine na inalipa gari lako pia: ajali, wizi, moto. Gari likiharibika lisitengenezeke, unalipwa kiasi kilichoandikwa kwenye hati, bila mabishano ya bei ya sokoni. Ada yake iko juu, lakini gari jipya, la mkopo, au la aina adimu linaistahili.

Ya pili: bima kubwa kwa thamani ya soko. Hii huzua ugomvi mwingi. Mtu hupunguza thamani ili ada ishuke, halafu anakutana na kanuni ya uwiano. Gari la 1,000,000 likikatiwa bima ya 600,000, umekata asilimia 60 tu. Uharibifu wa 200,000 utalipwa 120,000, kisha eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, inatolewa humo. Kuongeza thamani nako hakusaidii: kampuni italipa bei ya soko tu, na ada ya ziada imepotea. Mlete mthamini, na urudie kila unapohuisha bima.

Ya tatu: ya mtu wa tatu (hasara unayowasababishia wengine) pamoja na moto na wizi wa gari lako. Inafaa gari la makamo linalolala nje. Ukiligonga mwenyewe, matengenezo ni juu yako.

Ya nne: bima ndogo, ya mtu wa tatu peke yake. Nchi nyingi zinailazimisha kisheria. Kwa gari kuukuu inatosha kabisa: ikiwa tofauti ya ada kati yake na bima kubwa inazidi takriban sehemu moja ya kumi ya thamani ya gari, tofauti hiyo iweke akiba. Ila angalia ukomo wa fidia kwa mali za wengine. Ukigonga gari la kifahari, kinachozidi ukomo unadaiwa wewe.

Ukishachagua aina, nenda moja kwa moja kwenye eksesi. Mara nyingi huandikwa kama asilimia yenye kiwango cha chini, na hicho kiwango cha chini ndicho kinachouma. Tuseme ni asilimia 5, isipungue 20,000. Kwa dai la 60,000, asilimia 5 ni 3,000 tu, lakini utabeba 20,000. Dereva kijana au mwenye leseni mpya huongezewa eksesi nyingine juu ya hiyo. Ukikubali eksesi kubwa kwa hiari ada hushuka. Ikubali tu kama unaweza kuitoa taslimu kesho asubuhi.

Kisha soma yasiyolipwa. Ulevi na leseni iliyokwisha muda vinajulikana. Kinachowashtua watu ni matumizi: gari lililokatiwa bima ya binafsi likibeba abiria au mizigo kwa malipo, hata mara moja, dai linaweza kukataliwa. Matairi na injini iliyokufa kwa uchakavu havimo. Funguo ulizoziacha ndani ya gari zinaweza kufuta dai la wizi. Uliza pia kuhusu mafuriko, maana injini iliyovuta maji baada ya dereva kuingia kwenye dimbwi huhesabiwa na baadhi ya kampuni kuwa uzembe.

Bima ya kioo inafaa kuongezwa, hasa kama dai lake haligusi punguzo lako la kutodai, yaani ada inayopunguzwa kwa kuwa hujadai fidia. Gari la kukodi wakati lako liko gereji, sawa kwa anayelitegemea kikazi; wengine waache.

Fomu ijaze mwenyewe, usimwachie wakala. Taja ajali za nyuma, mabadiliko uliyofanya kwenye gari, na kila atakayeliendesha. Hati ikitoka, linganisha namba ya chesisi na ya usajili na kadi ya gari tarakimu kwa tarakimu, kisha ihakiki kwa mdhibiti wa bima au kampuni yenyewe. Ukilipa kwa awamu, uliza ni siku ngapi za kuchelewa zinazosimamisha bima, na upewe jibu hilo kwa maandishi.