Mandolini ya sh. 180,000 nimeipima kwa Beethoven, majibu haya hapa

Wadau habari za jioni. Mi niko Mwanga hapa Kigoma, na huku ukitafuta gita utapata, ila ukiulizia mandolini (ala ya nyuzi kama gita dogo) wanakuangalia kama umeulizia dawa. Nikaagiza kwa jamaa mmoja Kariakoo, sh. 180,000 na ya basi 15,000, ikafika boksi limebonyea pembe, hajaifunga hata gazeti, inagonga huku na huku kama mahindi kwenye debe. Bahati mbao haina ufa.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Nyuzi 8 (ziko mbilimbili, G D A E kama fidla) nimetyuni zote vizuri, ukipiga bila kubana safi kabisa, ukipanda freti za juu (vile vyuma vya kwenye shingo) inalia kengele iliyopasuka. Nikajua nimepigwa. Kumbe daraja la mandolini, kile kipande kinachobeba nyuzi, halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na njiani lilisogea. Nikachukua rula ya mtoto, toka juu ya shingo mpaka freti ya 12 ni sentimita 17 na nusu, basi toka hapo mpaka kwenye daraja itakiwe hivyohivyo, yangu ilikuwa 17 na ushee kidogo. Nikalegeza nyuzi nikalisukuma na kidole gumba taratiiibu mpaka likakaa. Muuzaji angenidokeza tu kwa simu ningelala usingizi usiku ule.

Kwanini Beethoven, yule mtunzi wa zamani wa Kijerumani? Kwasababu ana vipande vinne vya mandolini na kinanda, aliviandika 1796 akiwa Prague, umri miaka 25, kwa ajili ya bibie mmoja wa kikabaila Josephine Clary aliyekuwa anajifunza mandolini. Nota zinapatikana bure mtandaoni, tafuta WoO 43 na WoO 44 (ni namba za kwenye orodha ya kazi zake). Tukaanza na kile cha C maina, cha taratibu, mi na rafiki yangu anayepiga kinanda kwaya ya kanisani.

Asee mara ya kwanza ilikuwa vichekesho, sauti ya mandolini ukiigusa imeshakufa, haina ule mwangwi wa gita, kinanda kikaimeza yote, nikawa nachezesha mkono tu kama bubu. Piano za enzi zile zilikuwa nyepesi sana sauti yake kuliko za sa hivi, ndo maana Beethoven haikumsumbua. Tukashusha volumu ya kinanda mpaka robo, tukachagua ile sauti ya hapsikodi (kinanda cha zamani cha kudonoa nyuzi), hapo sasa ikawa mazungumzo, mmoja anauliza mwingine anajibu. Zile nota ndefu unapiga juu chini juu chini haraka usikatishe, mkono ukichoka msikilizaji anajua.

Cha D meja chenye variesheni (wimbo uleule unarudiwa ukibadilishwabadilishwa) ndo mandolini hii inakipenda, nyuzi za D na A zinaitika zenyewe. Ila sonata (kipande cha sehemu kadhaa) ya Hummel, yule mtunzi aliyeishi kwa Mozart akifundishwa naye, hiyo tumejaribu tukaacha. Ni ngumu, ina mbio, na kwenye zile za juu kabisa chombo cha bei hii kinapwaya hata daraja likikaa sawa. Sehemu ya katikati tu, ile Sisiliano inayobembea, ndo tuliifikisha mwisho.

Nyuzi zilizokuja nayo tupa, zina kutu wiki ya tatu, sijui ni huu unyevu wa ziwa au zilikaa stoo miaka. Agizeni seti mbili pamoja na mandolini maana hapa mjini mi sijazipata. Masikio ya kutyunia yanakaza vizuri, sina neno. Begi lake zipu imekufa siku ya pili.

Kwa anayeanza nunua tu, ila mwambie muuzaji aifunge na nguo. Jumamosi tunarudia cha D meja, na jamaa nimemwambia aje na adapta ya kinanda, wiki iliyopita alikuja na betri zikaisha variesheni ya nne.