Kocha binafsi na ushauri wa lishe katika ukumbi mmoja wa Sinza: mazoezi yana thamani ya fedha, karatasi ya chakula haina

Ukumbi ninaouzungumzia uko Sinza, Dar es Salaam, ghorofani juu ya safu ya maduka, na huduma ninayoitathmini huuzwa pale kama kifurushi kimoja: kocha binafsi mara tatu kwa wiki pamoja na mpangilio wa chakula. Sitautaja kwa jina, kwa kuwa upungufu nitakaoueleza nimeukuta pia katika kumbi nyingine za jiji hili, na ningependa makocha wausome kama jambo linalowahusu wote badala ya kuwa aibu ya mmoja wao. Kifurushi hiki hugharimu karibu mara tatu ya ada ya kawaida ya mwezi, kwa hiyo mteja ana haki ya kujua kila nusu anayouziwa ina thamani gani. Kwa maoni yangu nusu ya mazoezi inafanywa kwa ustadi na uadilifu, ilhali nusu ya lishe inapaswa kuandikwa upya tangu mstari wa kwanza.

Kazi ya kocha huanza kabla mteja hajagusa chuma. Siku ya kwanza wanaketi mezani, mteja anaulizwa kuhusu moyo, presha, kizunguzungu, maumivu ya viungo na dawa anazotumia, na majibu yote yanaandikwa katika daftari ambalo kocha hulifungua tena kila kipindi kinapoanza. Utaratibu huu haupaswi kudharauliwa. Mtu anayechoma insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi, sukari yake inaweza kushuka ghafla katikati ya mazoezi, hasa kama hajala, na kocha asiyelijua hilo atadhani jasho na mtetemeko wa mikono ni uchovu wa kawaida. Pale nimeona mteja wa namna hiyo akitakiwa apime sukari kwanza, na tende zikiwekwa karibu na chupa yake ya maji. Mwenye maumivu ya kifua hapokelewi hadi aonwe na daktari, hata kama ameshalipa.

Mafunzo yenyewe ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii. Asubuhi moja aliingia mama wa makamo mwenye goti linalomsumbua, na kocha, ambaye kwa umri ni sawa na mwanawe, akampokea: “Shikamoo mama, goti limeamkaje leo?” Mama akajibu, “Marahaba mwanangu, limeamka vizuri, ila ngazi zenu hizi zimelikumbusha.” Kocha hakumwambia avumilie, wala hakumrudisha nyumbani. Alilitoa benchi fupi walilokuwa wakilitumia, akaleta lililo juu zaidi, akamwelekeza aketi taratibu kwa hesabu ya tatu na kuinuka bila kushika mapaja, huku yeye akichungulia kwa upande kuona kama magoti yanaingia ndani. Alipoona goti la kulia linaanza kuegemea la kushoto, alisimamisha seti, yaani ule mkupuo wa marudio, hapo hapo ingawa marudio yalikuwa hayajakamilika, akaandika idadi iliyofanyika kwa umbo sahihi na kuyaacha mengine. Hiyo ndiyo skwati, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka, ya mtu mwenye goti bovu, na kocha anayeijua si wa kuachwa.

Daftari hilo hilo ndilo linaloamua mzigo uongezwe lini. Kila zoezi lina kilo, seti na marudio yaliyoandikwa, na uzito hauongezwi mpaka mteja amalize marudio yote bila kuharibu umbo, hata kama kijana wa benchi la jirani anaonekana kunyanyua mara mbili yake. Siku zisizo za ukumbini mteja hupewa kazi ya kutembea kwa mwendo wa haraka, jambo linaloafikiana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, unaomtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku 2. Katika mwezi wa Ramadhani ratiba ya wanaofunga husogezwa hadi baada ya futari na mizigo hupunguzwa, bila mteja kulazimika kuomba.

Baada ya ustadi huo wote, mteja hukabidhiwa karatasi ya lishe, na hapo ndipo nilipopata mshangao usiopendeza. Ni ukurasa mmoja tu. Asubuhi ni uji wa oti na lozi, mchana ni kidari cha kuku cha kuchoma na brokoli, usiku ni samaki aina ya salmon na saladi. Ugali na wali vimepigwa marufuku, kula baada ya saa 12 jioni kumekatazwa, na chini kabisa imeandikwa kwamba jumla ya nishati ya chakula kwa siku ni kilokalori 1,200. Karatasi hiyo hiyo amepewa mama mwenye goti, amepewa kijana anayebeba mizigo sokoni mchana kutwa, na nimepewa mimi.

Hesabu yenyewe inaikataa. Kanuni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990 na ambayo makocha wengi hufundishwa, inakadiria nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika tu. Kwa mwanamke huzidishwa kilo zake kwa 10, urefu wake wa sentimita kwa 6.25, vikajumlishwa, kisha ikaondolewa miaka yake mara 5, na mwisho 161. Mwanamke wa miaka 40 mwenye kilo 80 na sentimita 160 anapata takriban kilokalori 1,440 kabla hajapanda daladala, hajafua, hajafika ukumbini. Kumpa 1,200 pamoja na vipindi vitatu vya vyuma ni kumtaka mwili wake ujijengee misuli huku ukinyimwa cha kujengea, na ndiyo maana wengi huvumilia wiki chache, wakachoka, wakarudia chakula cha zamani kwa njaa kubwa kuliko ya mwanzo. Upungufu wa kilokalori 400 au 500 kutoka katika mahitaji halisi ya siku, yaani baada ya kuhesabu pia kazi na mazoezi, ungemfaa zaidi na angeweza kuumudu kwa miezi.

Inaniuma zaidi kwamba chakula kinachohitajika kipo mtaani na hakitajwi hata mara moja. Kwa mtu wa kilo 70, kiwango cha chini cha protini kwa siku ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, sawa na gramu 56. Anayenyanyua vyuma kwa bidii hunufaika akikaribia gramu 1.6 kwa kilo, sawa na gramu 112. Mayai mawili yana karibu gramu 12, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, gramu 30 za dagaa wakavu takriban 18, ugali wa gramu 200 za unga karibu 16, na kipande cha samaki au nyama ya kutosha mlo mmoja kama 30. Hapo mteja ameshafika karibu gramu 100 bila kununua lozi wala brokoli, na ugali uliopigwa marufuku umechangia sehemu yake. Kinachopaswa kuangaliwa kwa makini ni mafuta ya kupikia, kwa sababu kila gramu ya mafuta ina kilokalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kilokalori 120, na mchicha ulioungwa kwa vijiko vinne unaweza kubeba nishati nyingi kuliko ugali wa gramu 100 za unga ulio pembeni yake. Juu ya mafuta karatasi iko kimya kabisa.

Wala kocha hawezi kusema hakuna pa kutazama. Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yalitolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard, na ndani yake mna vyakula vinavyopikwa majumbani kwetu.

Kaunta ya ukumbi inayouza poda na vidonge nitaigusia kwa ufupi. Poda ya protini ni chakula kilichorahisishwa, na kreatini, unga unaosaidia misuli kupata nguvu, ya gramu 3 hadi 5 kwa siku ni miongoni mwa virutubisho vilivyochunguzwa sana, kwa hiyo mtu mwenye afya njema anayetaka kununua anunue. Vidonge vya “kuyeyusha kitambi” visivyo na lebo inayoeleweka visiwepo pale kabisa: katika bidhaa za aina hiyo kumewahi kugunduliwa sibutramini, dawa iliyoondolewa katika soko la Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mwenye tatizo la figo naye asiongezewe protini na kocha. Aelekezwe kwa daktari na afisa lishe.

Ushauri wangu kwa anayefikiria kujiunga ni kwamba aombe kulipia mazoezi peke yake, na uongozi hukubali ukiombwa, ingawa bei hiyo haikubandikwa ukutani. Fedha itakayobaki aitumie kumwona mtaalamu wa lishe hospitalini, akiwa na orodha ya anavyokula kweli kwa wiki nzima, pamoja na lita za mafuta zinazotumika jikoni kwake kwa mwezi. Kocha niliyemweleza hesabu hizi alizinakili katika daftari lake na akaahidi kuzifikisha kwa mwenye ukumbi. Hadi nilipolipia mwezi huu, karatasi iliyokuwa mapokezi ilikuwa bado ile ya kilokalori 1,200.