Dashibodi ya kupanga kazi za radiolojia: uzoefu wangu baada ya kuizoea

Kinachomchosha msomaji wa picha za hospitali, kwa maoni yangu, ni foleni isiyo na mpangilio kuliko ugumu wa picha zenyewe, na hapo ndipo dashibodi tuliyofungiwa katika idara yetu imetusaidia zaidi. Orodha ya zamani ya PACS, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi na kuonyesha picha za hospitali, ilipanga vipimo kwa kufuata saa ya kuingia tu. Sasa CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuonyesha mwili vipande vipande) ya kichwa ya mgonjwa anayeshukiwa kupata kiharusi hupanda juu yenyewe, jambo lenye uzito kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze.

Nililolipenda kuliko yote ni kwamba programu hii hainipi nafasi ya kuchagua. Kila aliyefanya kazi hii anajua jinsi eksirei za kifua zinavyogombewa huku CT ya tumbo ya mgonjwa wa saratani, yenye picha nyingi za awali za kulinganisha, ikikwepwa hadi jioni. Dashibodi hukipa kila kipimo uzito wake na kukigawa kwa zamu. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, hasa wale waliozoea eksirei.

Vilevile, nikikuta hewa iliyovuja na kulibana pafu, ripoti haifungiki mpaka niandike ni daktari gani nimemjulisha na saa ngapi. Simu bado napiga mwenyewe.

Udhaifu wake uko kwenye saa. Huanza kuhesabu pale mpiga picha anapokamilisha kipimo, si pale daktari alipokiomba, hivyo mgonjwa aliyesubiri kwenye korido nusu siku haonekani popote. Isitoshe, skrini ya viongozi huonyesha wastani wa muda wa ripoti, na eksirei nyingi za haraka huzifunika CT chache zilizochelewa mno. Afadhali wangeonyeshwa muda ambao asilimia 90 ya ripoti hukamilika ndani yake.

Idara inayofikiria kuinunua iulize kwanza ni nani atakayeruhusiwa kuweka alama ya dharura. Kwetu kila wodi iliruhusiwa, na zamu za usiku orodha nzima ikawa nyekundu, hadi msimamizi wa mfumo alipolazimisha kila ombi la dharura liambatane na sababu ya kitabibu.