Eti hoki haina mkono wa kushoto

Nyota moja. Na hata hiyo ni ya yule kijana anayefanya kazi pale ndani, nitamfikia, mwenye duka asije akadhani ni yake.

Jina la duka silitaji, sitaki simu za usiku. Ni zile stoli za tao, unapanda ngazi, unapita wauza kava za simu na wasusi, mwisho wa korido unaona trofi kwa dirisha na jezi zimening'inia. Nilielekezwa na wazazi wenzangu, wakasema huyo mzee hupata stiki za hoki ya barafu mara moja moja, zingine mtumba zingine mpya bado ziko kwa nailoni. Na kweli anazo, hapo sitamsingizia. Kupata stiki Nairobi si rahisi, vifaa vingi vya hawa watoto ni vya kupewa, mgeni anashuka ndege na begi mnagawana kilichoko, ikikutosha sawa isipokutosha pia sawa. Kwa hivyo kusikia kuna duka unaingia unachagua na pesa yako mkononi, mimi nilienda na roho safi kabisa.

Mtoto wangu ni msichana, ako na miaka kumi na moja, mwembamba, kilo thelathini na nne akiwa ameshiba. Alianzia kwa rola, vile viatu vya magurudumu, pale Sunken Car Park na binamu zake, siku hizi anacheza kwa uwanja wa barafu ulio ndani ya hoteli ya Panari, Mombasa Road. Hiyo barafu iko hapo tangu 2005, Kenya ishakubaliwa kwa shirikisho la dunia la huo mchezo 2024, na bado ukimwambia mtu mtoto wako anacheza hoki ya barafu Nairobi anakuuliza barafu gani. Basi. Kocha akatuandikia kikaratasi: ya junior, fleksi 40 (ugumu wa mpini), ya kushoto. Chini akaongeza, ikatwe ifike puani akiwa bila viatu. Karatasi ya kueleweka, hata mtu wa hadware angeielewa.

Mzee akaichukua, akaisoma, akacheka. Sisemi kutabasamu, nasema kucheka. Akanirudishia kwa vidole viwili. "Mathe, nani amekuandikia hii?" Kocha. "Kocha wa wapi? Mtoto anaandika na mkono gani?" Wa kulia. "Sasa kushoto inatoka wapi? Hoki haina mkono wa kushoto. Haiko. Mimi nimecheza City Park kabla wewe hujaolewa."

City Park ni ule uwanja wa hoki ya nyasi hapa Nairobi. Na kinachoniuma ni kwamba najua hiyo maneno ameitoa wapi. Nimecheza hoki shule ya upili, kipa, kovu la kidevu bado ninalo. Ile hoki yetu ya uwanjani stiki zote ni za aina moja, upande bapa ni mmoja, mkono wa kushoto juu wa kulia chini, uandike na mkono gani ni shauri yako. Na watu wa rika lake wana haki ya kujivuna, kwa hiyo hoki ya uwanjani nchi hii ilikuwa ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964 na ya nne Kombe la Dunia 1971, heshima yangu wanayo yote. Lakini hatukuja kununua ya uwanjani! Ya barafu bledi, ile sehemu ya chini ya kupigia, imepinda, kuna zinazopinda huku na zinazopinda kule, na mtu anayeandika na kulia anaweza kabisa kucheza kushoto, Kanada wengi ndio hivyo, mkono wenye nguvu unakaa juu kwa ncha ya mpini ndio unaongoza. Sidney Crosby mwenyewe, yule nyota wa Kanada, anacheza kushoto, yule aliyevaa jezi ya Ice Lions, timu yetu ya Kenya ya hoki ya barafu, walipoenda Kanada 2018. Nikamweleza hayo yote polepole, kwa adabu, namwita mzee kila sentensi. Akaniuliza kama huyo Crosby ndiye atalipa.

Sawa. Matusi ya duka nimezoea, mimi hununua vitu Nyamakima. Lakini mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Mimi hushika hivi," akaonyesha mikono hewani, wa kulia juu wa kushoto chini. Mzee akatoka nyuma ya kaunta, akamshika mikono, akaibadilisha. Kidole kimoja kimoja, anakifungua anakipeleka mahali anapotaka yeye. "Hivi ndio vizuri. Utazoea." Na mtoto akakaa hivyo, mikono imekauka hewani kwa vile amewekwa, ananiangalia mimi.

Kaka yangu mkubwa alichapwa rula darasa la kwanza kwa kuandika na kushoto mpaka akawa anaficha huo mkono chini ya dawati, na mpaka leo mwandiko wake hausomeki, sasa mtu anisamehe kama siwezi kuandika hii rivyu kwa utulivu.

Mbona basi nilinunua? Kwa sababu nilimuuliza tena kama ana ya kushoto ya mtoto, akaapa hakuna, haitengenezwi, na mtoto mechi ilikuwa karibu. Nikatoka kidogo kwa korido kupokea simu ya ofisi. Nikiwa huko nje nikasikia msumeno. Kurudi ndani napata amechukua stiki ya mtu mzima, ya kulia, fleksi 85, ameibana kwa goti anaikata na msumeno wa chuma, unga mweusi wa kaboni unamwagikia soksi nyeupe za mtoto. Hajauliza bei tumeelewana, hajauliza urefu. Amekata ifike paji la uso. Nikasema kocha alisema puani. "Atakua nayo." Stiki ya hoki inanunuliwa kama sweta ya shule jamani! Na sasa ishakatwa, ni yangu, lipa. Elfu tisa na mia tano. Shimo la juu ameliacha wazi, halina hata kizibo, nyuzi za kaboni zimechongoka, kabla hatujafika stejini mtoto ameshachomwa kidole.

Kwa barafu sasa. Nambari ya fleksi ni ratili ngapi za nguvu ndio mpini upinde inchi moja, na kwa watoto wanaanzia kwa nusu ya uzito wao kwa ratili. Kilo thelathini na nne ni ratili kama sabini na tano, ndio kocha akasema 40. Huyu mzee ametuuzia 85, yaani inataka nguvu kuliko uzito wa mtoto mwenyewe, na ukikata mpini unakuwa mgumu zaidi kwa hivyo hata 85 haikuwa 85 tena. Mtoto anapiga, stiki haipindi hata kidogo, kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kinasonga tu hapo mbele yake kimechoka. Mpini ni mnene, vidole havikutani. Na vile ni mrefu, akishika juu, ncha ya bledi inainuka kwa barafu, ungepitisha kidole chini yake, kila kitu kinagonga kisigino cha bledi kinaruka pembeni. Halafu imepinda upande usio wake. Akishika vile yeye hushika, kisahani kinateleza kinaenda zake. Akishika vile mzee alimwonyesha, anaanguka. Nilimwona akibadilisha mikono, anajaribu huku, anajaribu kule, wenzake wanampita. Kocha akaiangalia hiyo stiki, akaniangalia, hakusema kitu, akamtafutia ya kuazima.

Lakini wacha niseme ukweli, stiki yenyewe si mbaya. Kuna jamaa mmoja pale wa kilo tisini na kitu, anacheza kulia, akaiomba ajaribu, akainama kidogo kwa sababu ni fupi, akapiga, ikagonga ubao mpaka watu waliokuwa wanapiga selfi wakageuka. Akasema ni stiki safi sana hii. Kwa hivyo kama wewe ni mwanaume wa kilo tisini unacheza kulia, nenda kwa huyo mzee, bei yake ni ya haki, nyota tatu, hata nne.

Nikarudi nayo dukani. Hakuna. "Ikikatwa hairudi." Nikamwambia wewe ndio umekata. "Ni wewe umeleta mtoto na karatasi ya kushoto, umenipotezea stiki ya mtu mzima." Umenipotezea! Mimi! Nikamwambia kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, mteja akikueleza kitu ni cha kazi gani na akategemea utaalamu wako basi ni lazima kiifae hiyo kazi, hiyo sheria ni ya zamani kukushinda wewe mzee. Akasema nenda kortini basi, enda na mtoto, mpeleke na kocha. Wateja wawili walikuwa hapo wakacheka naye. Hapo nilikuwa nimeamua nyota sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningebonyeza.

Nimeshashuka ngazi nasikia, "Anti! Anti, ngoja." Ni yule kijana wa duka, yule alikuwa anapanga viatu hatoi neno. Akaniambia mzee ameenda lanchi, nirudi juu kidogo. Nikarudi, na si kwa upole. Akaingia kwa ile kona ya stiki, akatoa moja, ya tatu kutoka ukutani, akaipangusa vumbi na tisheti yake. Junior. Imeandikwa 40. Imeandikwa L.

Ilikuwa hapo. Siku ile yote tunabishana ilikuwa hapo nyuma ya mgongo wake.

Nikauliza mbona alisema hakuna. Kijana akainama akacheka chini chini, akanionyesha kibandiko cha bei, kwa mwandiko wa mzee: LARGE. Zile za R zote ameziandika REGULAR. Ati L ni kubwa, ya watu wakubwa, ndio maana asingeweza kumpa mtoto. L ya kushoto, mkono, imechapishwa na kiwanda kwa mpini, mzee wa City Park ameuza hizi vitu sijui tangu lini na anadhani ni saizi ya suruali. Nikamuuliza kijana mbona hukusema. "Anti, huyo mzee haambiwi." Yeye mwenyewe hucheza hoki ya rola jioni, anajua kila kitu, alijua tangu niingie na karatasi.

Na hapa ndio unaona mtu anayejua kazi. Akamwambia mtoto avue viatu, akasimamisha stiki mbele yake, ncha ya bledi chini, akaweka alama na biro chini tu ya pua, akasema ukivaa skeiti itakuwa hapa kidevuni. Akamwambia ashike vile anataka. Vile anataka! Akaangalia kama bledi imelala yote chini, akampigisha magoti kidogo, akaangalia tena. Akakata polepole, akapiga sandipepa, akaweka kizibo, akazungusha tepu juu mpaka ikawa na kinundu cha kushikilia. Akamwonya asiende nayo kwa lami, bledi ya kaboni inalika upesi, ya rola atafute yenye bledi ya plastiki ngumu. Elfu saba. Nikalipa mara ya pili, ndio, duka lilelile, na ile ya kwanza mpaka sasa iko nyuma ya mlango wangu, ya kulia, fupi, mtu wa kilo tisini anitafute.

Mtoto sasa anapiga kisahani kinainuka. Juzi kiligonga juu ya goli na akacheka peke yake katikati ya uwanja.

Sasa hesabu ya nyota inanisumbua. Stiki ya pili ni tano kamili. Kijana ni tano, na ningempa nyingine tano aondoke hapo afungue yake. Mzee simpi, kwa vile alifungua vidole vya mtoto wangu simpi kabisa, lakini ndiye ameleta hizo stiki, na mjini sijapata mwingine mwenye ya junior ya kushoto imesimama kwa kona, hata kama haijui. Nilikuwa nimeandika usiende. Nimefuta. Nenda, lakini nenda saa ya lanchi, na chochote atakachokuambia ni Large kiangalie tena.

Tepu ya mtoto imebaki kidogo. Wikendi nitapanda tena hizo ngazi, na nimkute mzee akitabasamu.