TAHADHARI: Mashine ya randa ya "bei ya ofa" kutoka Dar, nimepigwa 720,000

Wakuu, habari zenu. Hili nimekaa nalo wiki tatu naona aibu kulisema. Juzi jamaa yangu wa Dodoma kaniuliza kama namfahamu muuzaji fulani wa mashine za mbao, anataka kumtumia advansi. Nikamwambia subiri kwanza, usitume hata mia.

Mimi si fundi seremala. Nina kazi yangu ya ofisini hapa Morogoro, na nyuma ya nyumba nina kibanda cha mita tatu kwa nne ambako Jumamosi natengeneza stuli, meza ndogo na vitanda vya watoto wa ndugu. Mbao zangu nyingi ni mtiki wa Kilombero na paini, zinafika na makovu ya msumeno, nyingine zimejikunja kama chapati ya jana. Kwa randa ya mkono, ubao mmoja wa futi sita unakula nusu ya siku yangu ya mapumziko. Ukizipeleka kwa wenye mashine, wakikuona umebeba vibao vinne tu wanakuweka mwisho wa foleni. Ndiyo maana nikataka ile mashine ndogo yenye kazi mbili: juu plena ya kunyoosha uso wa ubao, chini tiknesa ya kusawazisha unene. Upana wa inchi 8 ulinitosha kabisa.

Maduka niliyouliza yalinitajia kati ya milioni 1.3 na 1.6. Halafu nikaiona mtandaoni kwa laki saba na ishirini. "Mpya kwenye boksi, HP 5, meza chuma kitupu, duka lipo Gerezani, mikoani tunatuma." Picha safi, lugha ya adabu, "kaka" kila baada ya maneno matatu. Nikaomba video, akatuma ya sekunde kama ishirini: mkono unabonyeza swichi, mashine inaunguruma, mkono unazima. Nikaridhika.

Hapo ndipo nilipouzwa. Ile video haikuwa na ubao hata mmoja. Mashine kuwaka ni jambo moja na kuranda ni jambo jingine. Hata mashine ya kusaga inaunguruma.

Nilituma laki nne ili mzigo upakiwe kwenye basi. Aliponipigia picha ya risiti ya kifurushi, nikatuma laki tatu na ishirini zilizobaki. Jina lililotokea kwenye simu halikufanana na jina la akaunti, akasema ni la mke wake. Nami nikakubali, maana nilishaanza kupanga mashine itakaa kona ipi ya kibanda.

Mzigo nikauchukua stendi ya Msamvu, kreti imepigiliwa misumari mingi mno. Kuifungua nyumbani, rangi inang'aa na bado inanukia. Mpya kwenye boksi hainukii rangi ya kupuliza, wakuu. Pembeni kulikuwa na stika kubwa nyekundu: 230V, 5HP. Nikachomeka, nikawasha. Ilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwenye mashine yoyote, kreti iliyokuwa chini yake ikatetemeka, na kabla sijafika kwenye soketi moshi ulikuwa unatoka matundu ya mota. Zile zilikuwa sekunde nne, tano. Namshukuru Mungu sikuwa nimeingiza ubao wala mkono haukuwa karibu na visu.

Ilipopoa nikaibandua ile stika kwa ukucha. Chini yake kuna kibati cha kiwandani, maandishi yamesuguliwa lakini yanasomeka: 120V, 60Hz, 15A. Mashine ya Marekani. Umeme wetu ni 230V, 50Hz, kwa hiyo niliipa karibu mara mbili ya ilichozoea, na mota ya kaboni kama hii (ile yenye vibrashi vya kaboni ndani) ikizidishiwa umeme haijui kujizuia, inazunguka hadi inaungua.

Sasa jiulize, kwenye video iliwakaje? Nikairudia taratibu kama mara kumi. Kona ya chini kushoto, nusu imekatwa na fremu, kuna boksi la njano lenye mpini. Transfoma ya kushusha umeme. Jamaa anajua kabisa anachokiuza.

Nikaipeleka kwa fundi wa mota. Akaifungua, akanionyesha waya umekuwa mweusi wote. Kisha bila kuulizwa akachukua sumaku ya spika ya zamani akaiweka juu ya meza ya mashine. Ikateleza na kuanguka. "Chuma gani hiki, mzee?" Ni aluminiamu. Akagonga kwa funguo kutoka upande mmoja kwenda mwingine: ti, ti, ti, halafu karibu na ngoma ya visu sauti ikabadilika, ikawa butu. Alipokwangua rangi tukakuta ufa umezibwa kwa fila, ile ile wanayopakia bodi za magari. Meza ya aluminiamu peke yake si kosa, mashine nyingi za bei ndogo ndivyo zilivyo. Lakini meza iliyopasuka haiwezi kukunyooshea ubao hata ukiisuka mota upya, kwa sababu ubao unafuata meza.

Mpwa wangu aliyepo Dar akaenda Gerezani kwenye namba ya duka niliyopewa. Wanauza spea za pikipiki, na hatukuwa wa kwanza kuulizia. Simu ya muuzaji ilipokelewa mara moja tu, akaniambia nimeiunguza mwenyewe. Polisi nimepata RB (namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni), ila swali la kwanza nililoulizwa ni "mzigo si ulipokea?" Na ndiyo ujanja wa huyu. Tapeli wa kawaida anakula hela na kuzima simu. Huyu anakutumia kitu, ili ukilalamika uonekane mteja msumbufu aliyeshindwa kutumia mashine. Namba zake nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, wenye namba nyingine fanyeni hivyo hivyo.

Kwa anayetafuta mashine ya aina hii, usiombe video ya mashine ikiwaka. Omba ubao upite, kwanza juu kisha chini, halafu waupime unene mwanzo, katikati na mwisho ukiwa unaona. Mashine nyingi ndogo huchimba kidogo kwenye ncha, hilo linavumilika. Ikichimba katikati, achana nayo. Omba picha ya kibati chenyewe, kilichopigwa ribiti au kuchongwa, siyo stika. Na piga hesabu. HP moja ni wati 746, kwa hiyo HP 5 ni zaidi ya wati 3,700, na hiyo kwa 230V inapita ampia 16. Halafu plagi iliyokuja nayo ni ya ampia 13! Ningepiga hesabu hiyo dakika mbili tu kabla ya kutuma pesa, leo ningekuwa na laki saba zangu. Mashine za kweli za inchi 8 za daraja hili huwa za wati 1,500 hivi, yaani HP 2, na zinatosha kazi ya Jumamosi ukiranda milimita moja moja badala ya kulazimisha tatu.

Kuna watakaosema nunua tu ya 120V, utaweka transfoma. Inawezekana, lakini transfoma ya kubeba mzigo huo bila kuchemka ni ya wati 3,000 hivi, na hiyo ni pesa nyingine. Tena kama mota si ya kaboni, transfoma haibadilishi 60Hz, itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita. Ulizia pia visu na mkanda wa akiba vinapatikana wapi, maana visu vikiisha na vipuri havipo unabaki na meza ya kuwekea rangi.

Malipo, afadhali nauli ya kwenda kuiona, au mtume ndugu, ulipe ubao ukishapita na risiti ya EFD ikiwa mkononi.

Jina la akaunti siliweki kwa sababu limeshabadilika mara mbili tangu niuziwe. Jana usiku nimekutana na tangazo jipya, jina jipya, bei imeshuka hadi laki sita na tisini. Video ni ile ile. Boksi la njano bado lipo kona ya chini kushoto.